Udi wa Mahujaji

Siku ukumbi mpya wa kiwanja cha ndege ulipofunguliwa, ndege ya kwanza kutua ilileta mahujaji. Barke, mhandisi aliyechora mfumo mzima wa kujikinga na moto, alisimama kando akitazama dari.

Bi. Nunuu, aliyekuja kumpokea mumewe, alitoa chetezo kikapuni, akapuliza makaa, akatia udi.

"Kengele ya moto ikilia, ukumbi mzima utakimbilia nje mbele ya wageni," Mkurugenzi wa kiwanja alimnong'oneza Barke. "Nilikwambia tubandike tangazo la kukataza udi."

"Nani atamkataza mama wa watu asimfukize mumewe, mzee? Ndiyo maana hapa sikuweka vifaa vya kunusa moshi. Nimeweka vya kuhisi joto la moto wenyewe."

Hata hivyo Barke hakuyaondoa macho darini. Moshi ulipanda taratibu, ukakizunguka kidubwasha cheupe cha kuhisi joto juu kabisa. Kengele haikulia. Milango ikafunguka, mahujaji wakaingia, vigelegele vikapigwa, na Bi. Nunuu akamfukiza mumewe kanzu mpaka ndevu.

Kisha akageuka, akamnyooshea Mkurugenzi chetezo.

"Karibu, mwanangu."

Mkurugenzi akatazama dari, akamtazama Barke, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.