Mwalimu Aliyenionyesha Hasara

Sikuwa na kompyuta, wala macho ya ujana, wala mtu wa kuniambia ukweli. Nilikuwa na pensheni tu, nayo nilikuwa nimeshaomba kuitoa yote nikafanye biashara ya fedha za kigeni.

Walimu wengine wa biashara hiyo walinionyesha magari yao. Binti wa jirani yangu, mhasibu wa benki aliyekuwa akiifanya pia, alinigeuzia simu yake. Mistari ya grafu ilikuwa myekundu, ikishuka mpaka chini.

“Hasara zangu hizi, baba. Wewe anza na akaunti ya majaribio, isiyo na pesa halisi.”

“Na pensheni?”

“Iache ilale. Au utakula grafu?”

“Shikamoo, mwalimu,” nilimwambia, mimi wa kumzaa.

“Mzee, acha utani!”

Sikuwa natania. Asubuhi niliandika barua ya kufuta ombi langu, nikailamba bahasha, nikaifunga, nikaituma.