Kamba Nyekundu

Barakoa ya kipa wa wageni ilidondoka barafuni, refa akapuliza filimbi kusimamisha mchezo kama sheria inavyotaka, na goli lililokuwa mlangoni kabisa likaota mbawa.

Orest akawa wa kwanza kusimama. "Kaivua makusudi! Mwongo huyo!"

Sauti yake ilijulikana kila uwanja wa hoki ya barafuni hapa jimboni Saskatchewan. Punde jukwaa zima likaitikia, "Mwo-ngo! Mwo-ngo!" huku watu wakikita mbao kwa viatu vya theluji.

Kipa aliiokota barakoa, akampelekea refa, akamwonyesha upande wa nyuma wa barakoa hiyo. Kifungo kilikuwa kimepasuka. Kilichokuwa kikikishikilia ni kamba ya kiatu, nyekundu, na sasa ilikuwa imekatika.

Orest aliijua kamba ile. Aliifunga mwenyewe mwezi Septemba, alipokuwa akiiuza barakoa hiyo kwenye gulio la vifaa vya mitumba papa hapa uwanjani, akaichomeka chini ya sponji isionekane. Kisha akaja jamaa mmoja mpole, akauliza, "Hii imara, mzee?"

"Mwanangu kadakia nayo misimu mitatu," alimjibu. "Haina neno." Jamaa akalipa, akaondoka nayo.

Orest akaketi.

"Vipi tena, mzee?" Jirani yake akamsukuma kwa kiwiko. "Endelea bwana, unatuangusha!"

Kule chini kipa aliviunga vile vipande viwili kwa fundo, akaivaa barakoa, akagonga milingoti ya goli kwa fimbo yake. Alikuwa tayari.

Orest akainamisha kichwa.

"Mwo-ngo," akaitikia pamoja na wenzake.