Wavu Uliomjua Mkude

Kwetu mlimani, wavu wa mizizi hauzuii watu, unazuia maporomoko. Umejifunza miguu ya kila mmoja wetu, na mtu wa nyumbani akishuka kutoka shambani hufunguka kama pazia, kisha hujifunga. Mtu akifa, mwenzake huenda kuugusa na kuuambia kwamba hayupo tena.

Zamda hakwenda. Mumewe, Mkude, alifukiwa na tope huko juu kwenye maharage, na hakupatikana.

"Kauambie, mwanangu," mama mkwe alimsihi. "Mlima ukimrudisha ndani ya tope, wavu utamfungulia njia."

"Nitakwenda, mama. Mvua ikikatika."

Mvua haikukatika. Asubuhi moja mlima uliguna taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na ukungu ukanukia udongo mbichi. Majirani waliendelea kunywa chai. Si wavu upo?

Zamda, akimnyonyesha mtoto mlangoni, aliuona wavu ukijikaza mteremko mzima. Kisha, nyuma ya nyumba yake tu, mizizi ikaanza kulegea kwa upole, kama ilivyolegea kila jioni.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo, "anarudi."