Bundi Asiyemo Kitabuni

Jioni ya tatu bundi alilia tena, na Ta Kahigi akamwambia mkewe amtolee koti la Krismasi.

"Unakwenda wapi saa hizi?" Alistidia aliuliza.

"Siendi. Nalala nalo. Sitaki watu wahangaike kunivalisha."

Alistidia alikwisha kuchoma pilipili mlangoni, akarusha kijinga cha moto mibunini, akamtukana bundi kwa Kihaya na, kwa tahadhari, kwa Kiswahili pia. Bundi hakujali. Huuu, alilia, akanyamaza kitambo kama anayevuta pumzi, kisha hu-hu-hu-huuuu, kwa mtetemo. Kijiji kizima cha Buganguzi hakikuwahi kusikia bundi wa namna hiyo. Wa kawaida walifahamika. Huyu alilia kama mtu anayesoma jina kwenye orodha.

Na kila siku alilia upande uleule, kwenye kaburi la Gozbert.

Gozbert alikuwa jirani. Alizikwa katika kibanja chake mwenyewe, shamba la migomba nyuma ya nyumba, kama inavyostahili. Lakini siku za msiba, wakati macho ya watu wote yako kwenye masufuria, Ta Kahigi aling'oa mimea mitatu ya omulamula, ile inayopandwa mipakani, akaipanda upya hatua kumi ndani ya kibanja cha marehemu. Migomba arobaini ikahamia kwake. Kaburi likahamia nayo.

Mjane, Ma Agnetha, alipolalamika barazani, Ta Kahigi alisimama kwa unyenyekevu mkubwa. "Waitu, mimi ni binadamu, naweza kusema uongo. Omulamula hausemi uongo." Baraza likakubali, kwa kuwa hakuna Mhaya anayethubutu kuugusa. Na anayethubutu, inasemekana, hafi vizuri.

Tangu hapo Agnetha alibisha hodi kila jioni, ufagio na kikapu mkononi, kuomba ruhusa ya kufagia kaburi la mumewe. Ta Kahigi hakumnyima hata siku moja. Alijiona mtu mwema.

Siku ya nne alimwendea mgeni. Huyu alikuwa Jens, mzee wa Kidenmark aliyeletwa na usharika, akapanga chumba kwa Agnetha. Alikuwa amevuka bahari na darubini shingoni na lenzi nene kama kibuyu cha pombe ya rubisi, ili kutazama ndege ambao watu wa Buganguzi huwatupia mawe.

"Bwana Jens, kifaa chako kinaona mpaka wapi?"

"Naweza kuhesabu miguu ya nzi aliyetua kwenye kengele ya kanisa."

"Basi njoo unionyeshe adui yangu."

Walisimama nyuma ya nyumba ya Ta Kahigi, jua linazama. Agnetha alikuwa ametoka kufagia muda si mrefu. Jens aliandika kitu kwenye simu, kama alivyoandika kila ndege aliyemwona, akaitia mfukoni, akainua lenzi.

Huuu.

Lenzi ilipanda mti, ikashuka. Ikapita mibuni, ikapita migomba, ikarudi.

"Hayupo," Jens alisema.

"Namsikia."

"Hata mimi namsikia. Lakini mtini hayupo. Na kwenye kitabu changu cha ndege wa Tanzania hayumo. Sauti hii naijua, mzee. Ni ya kwetu, ng'ambo. Huku hajawahi kuonekana."

"Avuke bahari nzima, afuate nini Buganguzi?"

"Mimi ndege nawatazama tu. Shughuli zao hawaniambii."

Jens akamvisha darubini. Ta Kahigi aliielekeza sauti inakotoka, akazungusha kama alivyoonyeshwa, ukungu ukafunguka. Hapakuwa na ndege. Palikuwa na msalaba wa saruji, karibu hata angeweza kuulamba, na juu yake jina: GOZBERT.

Hu-hu-hu-huuuu, likasema jina.

Alirudisha darubini kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi alimwita Mwijage, mwenyekiti wa kitongoji. Majirani walifika mapema kuliko walivyowahi kufika ibadani.

"Unasema omulamula ulihama?" Mwijage aliuliza.

"Niliuhamisha mimi."

Mbele ya wote akapiga magoti kwenye udongo, akaing'oa mimea mitatu kwa mikono yake, akairudisha ilikokuwa, hatua kumi. Ma Agnetha alilia kimyakimya, kitenge kikiwa kimefunika uso.

Jioni hiyo bundi hakulia. Wala iliyofuata. Ta Kahigi akavua koti.

Hata siku ya Jens kurudi kwao, Ta Kahigi alikataa kabisa kubaki nyumbani. Mtu aliyemwonyesha njia ya uzima hasindikizwi na mwanamke peke yake. Akaenda naye hadi uwanja wa ndege wa Bukoba, pamoja na Agnetha, akiwa amebeba mkungu wa ndizi ambao mgeni hakujua aufanyeje.

Ofisa wa ukaguzi alifungua begi.

"Hii bomba ni ya nini?"

"Lenzi. Ya kutazama ndege."

"Hizi tunazopanda?"

"Wale wenye manyoya."

Ofisa alimtazama kwa huruma, akaendelea kupekua. Chini ya darubini alikuta kibweta cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, kimegandwa na udongo mwekundu.

"Na hiki?"

Jens alifungua kinywa. Ofisa alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe.

Huuu, kilisema kibweta, kikanyamaza kitambo, kama anayevuta pumzi.

Ta Kahigi akamgeukia Agnetha. Ma Agnetha alikuwa ameinua uso, anachunguza dari ya jengo kona hadi kona, kwa makini sana, kama mtu anayetafuta ndege.