Kitako cha Kopo la Ngedere

Mwaka ambao kila kitu kilipanda bei, Ngedere alijisifu sokoni, "Kwangu mtama bei ni ile ile, na nyongeza juu." Kumbe alikuwa amekigonga kitako cha kopo lake la kupimia kikabonyea ndani, na kopo likawa linabeba kidogo.

Kanga, mama wa vifaranga wengi, aliona uji wake unazidi kuwa mwepesi. Akalichungulia lile kopo, akaelewa. Akaamua kwamba siku hiyo watoto wake watashiba.

Zamu yake ilipofika, Ngedere alimpimia, kisha akachota mtama kiganjani. "Haya mama, nyongeza yako."

"Ahsante, baba. Geuza kopo, unijazie pale kitakoni."

"Kitakoni tena? We Kanga una vituko."

"Si umesema nyongeza ipo? Mimi nataka ya hapo."

Punda aliyekuwa nyuma yake alicheka. "Mpe tu, bwana. Kitako cha kopo kitashika nini?"

Ngedere aliona aibu kukataa mbele ya wateja. Akaligeuza kopo, na wote wakaliona lile shimo likimeza kiganja baada ya kiganja.

Punda aliacha kucheka. "Na mimi yangu iwe hapo hapo," akasema. Foleni nzima ikaitikia.

Ngedere akaona gunia litaisha. Akachukua jiwe, akaanza kukigonga kitako kutoka ndani. Kanga alisimama pale na kapu lake mpaka kiliponyooka. Ndipo akaenda kupika uji.