Fangasi Chini ya Mkono wa Shati

Fundi cherehani alipozungusha futi kiunoni mwa dada yake, mkono wa shati la fundi ukapanda, na dada akakiona kidonda.

Kilikuwa cha duara, upana wa kifuniko cha chupa ya soda, chekundu cha kuiva, kingo zimeinuka, katikati panavuja maji. Vingine viwili vidogo vilifuatana kuelekea kwenye kiwiko.

"Hiki nini?"

"Fangasi tu, dada. Naipaka dawa ya kununua."

"Tangu lini?"

Fundi akajifanya anasoma futi. "Mwezi na kitu."

"Daktari anajua?"

Fundi akatikisa kichwa. Tangu apandikizwe figo ya huyu huyu dada, miaka miwili sasa, alikuwa akimeza vidonge vya kushusha kinga ya mwili ili mwili usiikatae. Aliogopa kwamba daktari akiona fangasi imekaidi, atampunguzia vidonge, na figo itaharibika. Angemtazama dada kwa uso gani?

Akamweleza hayo yote, macho chini, sauti imepwaya.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko.

"Wewe mtoto! Nilikupa figo uishi nayo, sikukuajiri uilinde."

Fundi naye akacheka bila kutaka. Kisha akachukua simu kwenye meza ya kukatia vitambaa, akabonyeza namba haraka, kabla moyo haujageuka.

Iliita mara mbili.

"Daktari," akasema, dada amemshika bega, "kuna jambo nimekuficha."