Ndimi Mbili za Mzee Mujibu

Mzee Mujibu alifumbua macho, akamtazama mkewe kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba, kisha akasema maneno ambayo hakuna mtu kijijini Mkunya aliyeyajua.

Pili alimwita kwa Kiswahili. Akamwita kwa Chimakonde, lugha ambayo mwanamume huyu alimtongozea. Hakuitika.

Alikuwa ameanguka shambani akiokota korosho. Hospitali walisema ni kiharusi: mwili utarudi polepole, ila ulimi una mambo yake. Na mwili ulirudi kweli. Baada ya siku chache aliweza kukaa kitandani. Akawa anajishikashika kidevu, akizipapasa ndevu zake nyeupe kwa mshangao. Uji wa muhogo aliuonja kwa ncha ya ulimi kana kwamba hajawahi kuuona. Na maneno yalimtoka asubuhi hadi jioni.

"Kitakuwa Kicheki hicho," walisema ndugu.

Ujanani, kabla hajamjua Pili, Mujibu alisomea ufundi wa mitambo Chekoslovakia. Basi Pili akampigia simu Ladislaus wa Lupaso, aliyesoma naye huko.

Ladislaus alifika na vumbi la njia nzima mgongoni. Akaketi, akamsikiliza rafiki yake kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Ni Kicheki, shemeji. Anasema, 'Uko wapi? Nimekuja, uko wapi?'"

"Anamuuliza nani?"

"Hata sijui. Ila nusu ya maneno yake siyapati. Hapo, umesikia? Baradar. Sisi kule kaka tulimwita bratr. Nadhani ugonjwa unamvuruga ulimi."

Pili akatikisa kichwa. "Hajavurugwa, shemeji. Jana nimemsikia akisema bandari. Akasema na rangi. Kuna lugha nyingine mle."

Kesho yake Ladislaus alirudi na Maalim Halfani, mfanyabiashara wa Masasi ambaye alisomea dini Uajemi. Maalim alisalimia, akakaa, na hata hajaweka vizuri kanzu yake, uso ukamchangamka.

"Kiajemi hiki! Tena safi kuliko changu. Hata bandari na rangi Waswahili tumezitoa humo."

Wakaketi mmoja huku, mmoja huku, kitanda katikati. Kwa muda wakasahau kama wako kwa mgonjwa.

"Mama?" aliuliza Maalim. "Sisi ni madar."

"Matka."

"Mbili? Do."

"Dva."

"Panya je? Mush."

"Mish!" Ladislaus akapiga paja, na wote wawili wakacheka hadi Pili naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mumewe aanguke.

"Ni kama Chimakonde na Chiyao," Maalim alisema. "Hizi zimezaliwa nyumba moja, zikaolewa mbali."

"Lakini Kicheki kina visa vyake," alisema Ladislaus. "Kinamtenga mwanamume na mwanamke. Mimi nikitaka kusema nimekuja, nasema prishel. Akiwa mwanamke, atasema prishla. Sasa mwenzangu huyu tangu jana ni prishla, prishla. Zamani asingekosea hivyo. Ndiye aliyekuwa akitusahihisha sisi."

"Kiajemi hakina hayo. Nimekuja ni nimekuja tu, awe bwana, awe bibi. Kama Kiswahili."

Mgonjwa alikuwa akiwatazama kwa zamu.

Pili akauliza, "Hicho Kiajemi alijifunza wapi?"

Ladislaus akainamisha kichwa.

"Hakujifunza, shemeji. Palikuwa na binti wa Kiajemi chuoni kwetu, jina lake Mahin. Walipendana. Yule hakujua Kiswahili, na Mujibu hakujua Kiajemi hata neno moja. Kicheki ndicho kilichowaunganisha. Basi baridi ya mwaka wa mwisho ikamshika mapafu yule binti. Tulimzika sisi wenyewe, theluji ikianguka."

Pili aliinua macho kumtazama mumewe. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu, amemzalia, amemuuguza, na jina hilo hakuwahi kulisikia. Lilimchoma. Lakini kilichomchoma zaidi ni yale macho, ambayo tangu siku ile yalimpita kama yanavyompita mtu wa njiani. Akasogea, akaushika mkono wa mumewe. Mkono haukujitoa, lakini haukumshika.

"Maalim," alisema, "niulizie. Mwambie mimi ni Pili, mke wake. Mwambie sina hasira na ya zamani, huyo marehemu Mungu amrehemu. Mimi nataka anitambue tu. Anipe neno moja, basi."

Maalim Halfani akainama, akaongea kwa upole, taratibu, kama anavyoongea na mtoto. Mgonjwa akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Pili, na safari hii akamtazama hasa. Machozi yakamtiririka. Akauweka mkono wake mwingine juu ya ule wa Pili, akajibu kwa sauti ya chini.

Maalim alifungua kinywa atafsiri, akakifunga. Kofia ikawa mkononi mwake.

"Sema, Maalim," Pili alimhimiza. "Hata kama ni baya."

"Anasema…" Maalim akamgeukia Pili. "Anasema, 'Nisamehe, dada yangu. Mujibu hakuwemo mwilini humu nilipofika. Na mimi namtafuta.'"